Korongo Aliyenichumbia

Nimechumbiwa mara mbili maishani. Mara ya kwanza na mwanamume ambaye sasa ni mume wangu, mara ya pili na korongo. Korongo ndiye aliyejitahidi zaidi.

Kazi yangu ni kutunza ndege katika bustani ndogo ya wanyama nje ya mji wa Nakuru. Korongo huyo, dume mwenye taji la rangi ya dhahabu kichwani, aliletwa na mkulima wa Ndabibi aliyemwokota shambani akiwa kifaranga, akamlea pamoja na kuku. Wengi huku hufanya hivyo, tena kwa nia njema. Shida ni kwamba ndege akikulia mikononi mwa watu hujiona mtu. Kila asubuhi nilipoingia na ndoo ya mahindi na omena, aliinama, akakunjua mabawa, akaruka na kurusha nyasi juu. Hivyo ndivyo korongo hutafuta mchumba. Nami, kwa kuwa nilimpenda, na kwa kuwa hakula nisipomjibu, nilicheza naye. Wageni walicheka wakakosa pumzi.

Kisha tukaletewa jike. Mkubwa wangu, mtu mpole asiyependa kuzunguka, aliniambia wazi: "Sikiza, mama. Hawa wakikosa kuelewana mpaka mvua iishe, huyu jike anarudishwa. Na huyu wako atakaa peke yake maisha yake yote."

Korongo huishi miaka mingi. Maneno yale yalinichoma.

Mwanzo ulikuwa aibu tupu. Jike alimwinamia, yeye akampa mgongo na kuja kwenye waya kunichezea mimi. Nilimtukana. Nilimwambia amepewa mrembo naye anang'ang'ania mke wa mtu. Lakini apendaye chongo huita kengeza, na matusi yangu aliyapokea kama sifa. Nilipoacha kwenda, aliacha kula.

Basi nikaamua kutumia ngoma ile ile. Nilisimama nje ya waya, jike akiwa katikati yetu, nikaruka na gambuti zangu. Dume akaruka. Jike, akidhani anachezewa yeye, akaruka pia. Kila siku nilirudi nyuma kidogo, hadi nikawa nacheza kando ya stoo, nikihema, mwanamke mzima mwenye magoti mabovu. Mwenzangu anayetunza kasuku alipita akasimama.

"Uko sawa kweli?"

"Niache, niko job," nikamjibu.

Asubuhi moja nilichungulia kutoka nyuma ya stoo kabla sijaruka hata mara moja. Walikuwa wanacheza. Dume ndiye aliyeanza. Jike akarusha nyasi, naye akainama hadi taji likagusa matope. Hakuna aliyetazama upande wangu. Nilijaa furaha, na wivu kidogo pia, sitaki kudanganya.

Nikabeba ndoo nikaingia kuwapongeza. Dume aliinua kichwa, akaniona, na badala ya kuniinamia akanijia mbio mabawa wazi, akasimama kati yangu na mwenzake, akanidonoa goti. Nilitoka mbio omena wakimwagika, nikafunga mlango, nikaegemea nguzo nikicheka huku machozi yakinitoka.

Mkubwa wangu akaja anakimbia. "Amekuumiza?"

"Ameniacha, boss," nikamwambia. "Ameniacha kabisa!"