Paka Mweupe wa Fundi Cherehani

Fundi cherehani, jirani yangu hapa mtaani Kashaulili, huongea na paka wake zaidi kuliko anavyoongea na wateja. Ni paka mweupe pee, na kila kiangazi masikio yake huwa mekundu, hutoka magamba na kuchubuka, kisha hupona mvua zikianza. Jua likiingia barazani, mama huyo huacha mshono katikati, akainuka taratibu kama mtu aliye ndotoni, akavuta pazia la kitenge mpaka kivuli kimfunike paka. Halafu mguu wake hurudi kwenye pedali na cherehani ikaendelea kunguruma polepole, nasi majirani tukasinzia.

Mwaka huu kidonda kimoja kilikataa kupona. Daktari wa mifugo alikiangalia, akasema, "Mama, hii ni saratani ya ngozi, imeletwa na jua. Tukate ncha za masikio sasa, kabla haijasambaa."

Fundi alimvuta paka kifuani. "Mpige sindano ya usingizi, ukate," alisema. "Mimi nitamshika."

Nilikuwepo. Mikono ile inayotunga uzi sindanoni bila kuangalia haikumwachia, na mdomo wake ulimnong'oneza paka habari za nyuki na misitu ya Ugalla alikokulia fundi mwenyewe, mpaka daktari alipomaliza.

Wiki tatu baadaye mteja mmoja alimwona paka amelala na masikio mafupi, akacheka. "Huyu naye kafanywaje?"

Fundi alimpapasa paka utosini. "Tumempunguza kidogo, dada," akasema, "ili akae na mimi."