Elieza na Kaburi la Migombani

Elieza hakuketi popote kabla ya kufuta kigoda kwa kiganja, hata kama kimefutwa muda huohuo. Ugonjwa wa kutetemeka ulipomshika, mkono ukawa unafuta wenyewe, hata pasipo na kigoda, na watu wa kijiji chake cha Akheri wakawa wanaangalia pembeni.

Mwaka wa hamsini na sita mkewe, Tabitha, alimpeleka kwa daktari mjini Arusha. Akapewa vidonge vyeupe.

"Mkono utatulia," daktari alisema, "ila dawa hii huweza kuvuruga kumbukumbu za wazee. Ukiona hivyo, mrudishe."

Mkono ulitulia kweli. Sifael, mdogo wake Elieza, akacheka: "Kaka, sasa hata ndevu zangu nakukabidhi uzinyoe!"

Elieza akainamisha kichwa kwa adabu. "Shikamoo, mzee. Umetokea wapi?"

Kicheko kikamkauka Sifael mdomoni.

Tangu hapo Elieza akawa anafuta vigoda viwili, na kuzungumza kwa Kimeru na mtu asiyeonekana kwenye kile cha pili. Akinyamaza kusikiliza, Tabitha naye alijikuta akitega sikio.

Hayo angeyavumilia. Lakini Sifael na wenzake walikuwa wanachimba mfereji wa maji kupita migombani, na katika migomba hiyo alizikwa kifungua mimba wa Tabitha na Elieza, mtoto wa wiki chache tu. Kwa desturi ya ukoo wa Elieza, baba huzika mtoto mchanga peke yake. Mama haonyeshwi mahali, asije akashinda pale akilia. Miaka yote Tabitha hakuuliza. Ilimtosha kwamba mumewe anajua.

"Nionyesheni pa kukwepa, shemeji," Sifael alimwambia. "Kesho majembe yanafika huko."

Tabitha akavificha vidonge. Alfajiri mkono uliamka kabla ya mwenyewe, ukaanza kupapasa blanketi. Tabitha alifurahi kuuona; huenda na kumbukumbu zilikuwa njiani.

Akamshika kiwiko, wakaingia migombani polepole. Ukungu wa Meru ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani. Majembe yalisikika, lakini wachimbaji hawakuonekana.

"Mume wangu," alisema, "mtoto wetu wa kwanza. Ulimlaza wapi?"

Elieza aliishi miezi kadhaa baada ya asubuhi ile, lakini maneno aliyojibu hapo yalikuwa ya mwisho kumwambia mkewe. Alimtazama usoni, kisha kifuani, akatabasamu.

"Punguza sauti, Tabitha. Si ndiyo kwanza amelala hapo mikononi mwako?"