Sahani ya Mzee Masunga

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa na harufu ya moshi. Makao ya wazee yalikuwa nje kidogo ya Kharumwa, mali ya shirika moja la hisani, na mimi nilikuwa binti mwenye cheti kipya cha ustawi wa jamii na viatu visivyofaa njia ile ya mchanga. Afisa Mfawidhi, ndiyo kusema mkuu wa makao, alikuwa mama mnene asiyecheka ovyo. Nilimwamkia, akaitika marahaba, kisha akanipeleka uani. Wazee wa kiume walikuwa wameketi kuuzunguka moto, bakuli la ugali katikati yao.

"Hili ni shikome," alisema. "Kwa Wasukuma, hapa ndipo mwanamume anapokula na wenzake. Kazi yako kila jioni ni kutazama nani hayupo. Mambo ya dawa utajifunza baadaye."

Nikahamishiwa Kishapu, chini ya Muuguzi Mkuu aliyenifundisha kumgeuza mzee asiyejiweza ili asipate vidonda vya kulalia, vile vinavyotokea ngozi inapobanwa mahali pamoja kwa muda mrefu. Alikuwa mkali kama pilipili. "Ukikuta kidonda," alikuwa akisema, "usinieleze kimetokeaje. Nieleze wewe ulikuwa wapi." Halafu Chato, kwa Mratibu aliyependa sato na mikutano, na kwake nilijifunza kupanga zamu bila kugombanisha wahudumu. Mwisho, baada ya miaka mingi, nikarudishwa Kharumwa, safari hii mimi ndiye Afisa Mfawidhi.

Wakati wangu ndipo alipoletwa Mzee Masunga, mfugaji kutoka upande wa Kishapu. Kwao mjukuu alifariki, wakasema babu ndiye amemla. Hawakumpiga. Walimtengea sahani. Msomaji wa mjini ataona sahani ni sahani tu, lakini kijijini kwao mtu anayeshukiwa uchawi hali na wenzake. Chakula chake huwekwa pembeni na chombo chake hakiguswi na mtu. Alikaa hivyo muda mrefu, mpaka mtendaji wa kata alipomhurumia na kumleta kwetu.

Siku zake za mwanzo alikuwa akichukua tonge lake na kwenda kulila ukutani, ametupa mgongo. Aliyemtoa pale ni Mzee Athumani, aliyetoka Kigoma ujanani akifuata dhahabu, akazeekea kwenye maduara, yaani mashimo ya wachimbaji wadogo.

"Wewe, mbona unatukimbia?" alimpigia kelele. "Mimi nimekula duarani na watu ambao hata majina yao siyajui. Njoo unawe!"

Masunga alinawa. Alikula huku machozi yakimtoka, na hakuna aliyemwuliza kitu. Tangu siku hiyo akawa hagusi ugali mpaka wote wawe wamefika.

Ndipo ukaja mtihani. Shirika liliamua kwamba kila mkuu wa makao yake awe na leseni ya usimamizi, na atakayeshindwa ampishe mwenye nayo. Sikupinga. Anayekabidhiwa uhai wa wazee apimwe, tena apimwe vizuri. Nilinunua miwani, nikakesha na kitini cha maandalizi kilichokuwa kinene kama tofali. Nikiri kwamba kilinifaa. Kilikuwa na mpango wa huduma, yaani maelezo ya nini kinamfaa kila mzee, na namna ya kuzuia maambukizi yasiruke kitanda hadi kitanda. Lakini kilikuwa pia na sura nzima ya lifti iliyokwama, na nyingine ya theluji mlangoni. Theluji, Kharumwa! Nilizikariri zote kwa hasira.

Semina ilifanyika Geita mjini. Mkufunzi wetu, kijana nadhifu, alipofika kipengele cha lishe alisimama wima. Kila mzee awe na sahani yake ili kiasi anachokula kipimwe. Moto wa wazi uani, marufuku. Na hicho kilikuwa kipengele cha lazima: ukikikosa, umefeli mtihani mzima hata kama kwingine umepata zote.

"Mwalimu," nilimwuliza, "na kama hiyo sahani ya peke yake ndiyo inayomfanya mzee asile?"

"Mama Kabula, mtihani hauulizi hivyo."

Wenzangu walicheka. Chai ya mapumziko ilinishinda kunywa kwa ghadhabu.

Sehemu ya vitendo ilikuwa ifanyike makaoni kwangu, mtahini akiangalia chakula cha jioni. Kwa hiyo tulifanya mazoezi. Moto ukazimwa, meza zikapangwa, kila mzee sahani yake. Mzee Masunga aliitazama ile sahani, kisha akanitazama mimi.

"Mayu," aliniita, ndiyo mama kwa Kisukuma, "ni nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Baba."

"Sasa mbona mmenitenga?"

Nilimweleza kwamba wote wametengewa, kwamba ni habari ya mtihani tu. Alinisikiliza kwa heshima. Hakula. Kesho yake hakula, wala keshokutwa. Midomo ilimkauka, akawa wa maji tu. Nikampigia simu Mkufunzi, akanijibu, "Vumilia, Mama, mtahini akishaondoka utarudisha mambo yako." Kana kwamba njaa ya mzee inapangiwa miadi! Nilikata simu bila kuaga, jambo ambalo mama yangu hakunilea nalo.

Siku ya mtahini niliagiza moto uwashwe. Mtahini alikuwa mama wa makamo, mpole, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

"Mama Kabula, unajua kwamba hiki ni kipengele cha lazima?"

"Nakijua. Nimekikariri."

"Basi panga sahani. Wiki ijayo utafanya upendavyo."

"Wiki ijayo huyu baba nitakuwa nimemzika."

Alisimama pale, akamwona Masunga akinawa, akimega tonge, akilichovya kwenye mlenda na kumeza. Aliona kwa macho yake mawili. Kisha akanifelisha.

Shirika lilinistaafisha kwa hotuba nzuri na saa ya ukutani. Watu wananiambia nipumzike, hasira ni hasara. Mimi bado nina hasira, na sioni aibu kuisema. Ninyi vijana mnaojiandaa na mtihani huo, usomeni. Jifunzeni vidonda, jifunzeni zamu, hata lifti yao ijueni. Mkishaipata leseni, msiwatese watu kwayo.

Nyumba yangu inatazamana na makao, barabara tu katikati. Jioni ya kwanza ya kustaafu niliwasha moto uani nipike. Nikamwona Mzee Masunga anavuka na fimbo yake, nyuma yake Mzee Athumani kabeba kigoda. Kesho yake walikuja wengine. Sasa ni kila jioni, nami najua kina nani hawajafika.

Juzi alikuja Afisa Mfawidhi mpya, kijana mwenye leseni, amefura.

"Shikamoo, Mama. Wazee wangu hawali. Sahani zinarudi jikoni zimejaa."

"Marahaba, Baba. Wazee wako wanakula. Si hao?"

Akawatazama wameuzunguka moto. Akabaki amesimama nje ya duara la watu, mikono hajui aiweke wapi. Mzee Masunga alimwona. Akaliacha tonge lake, akasogea kwa shida mpaka nafasi ikapatikana pembeni yake.

"Ng'wanawane," alimwambia, mwanangu, "nani amekutenga? Njoo unawe."