Mwimbaji Aliyekataliwa Kuzikwa

Sehemu ya kwanza ya hadithi yangu ilimuua mwimbaji, na akina mama wakaninunia siku nzima.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nimerudi kijijini kwetu cha ujamaa upande wa Urambo, na miguu haikutaka kutulia. Kazi yetu ilikuwa kutunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, yaingizwe kwenye bani yakaushwe. Mikono ina kazi, mdomo hauna. Basi nikawa nasimulia mambo ya miaka ijayo: mji wa taa tupu, burudani yote iko mikononi mwa kampuni moja. Unavaa kofia ya nyaya, ngoma inachezwa ndani ya fuvu lako. Ukiizoea, unasahau hata majina ya wanao. Mwimbaji wangu alivaa kofia, akaingia ndani ya mtambo wa kampuni auharibu. Ukamfyonza sauti, akafa.

Kesho yake akina mama wakataka sehemu ya pili. Mwenyekiti wa kijiji naye akataka lake.

"Binti, jana umesimulia mpaka majani yakalala chini, yakaharibika. Leo rundo hili lisipokwisha kabla ya jua kuzama, hadithi basi. Umenisikia?"

"Nimesikia, ndugu Mwenyekiti."

Zile hadithi ndizo zilikuwa safari zangu zote.

Kwa wasiwasi nikaanza vibaya: nikaanza na mazishi. Mikono ikapoa. Mama mmoja akajifuta macho kwa kanga, jani limemkalia mapajani. Rundo liko vilevile, jua linateremka, nami nimeshafika kaburini, sijui nirudi vipi.

Ndipo mkunga wetu akainuka. Yeye ni Mzaramo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, na kwenye misiba yetu watani huzuia kaburi kwa mizaha mpaka wafiwa watoe kitu. Akajinyoosha chini, chali, kando ya rundo.

"Hazikwi mtu hapa! Marehemu kabila gani?"

"Mnyamwezi," nikasema haraka.

"Nilijua! Babu zake walibeba mizigo mpaka pwani bila kulia, yeye kafia kwenye kofia!"

"Na nyie mlikuwa mnawangoja na nini? Maji ya chumvi!" akajibu yule mama aliyekuwa akilia.

Wakapasuka kwa kicheko. Mikono ikarudi, tena kwa kasi. Mkunga akitunga majani hukohuko chini, akiitukana kampuni na mitambo yake, nami nikidakia.

Mwenyekiti alipofika, jua lilikuwa juu ya miti tu, na rundo limebaki kama kichuguu kidogo.

"Shikamoo, mfiwa," mkunga akamwambia, bado kalala.

"Marahaba. Mfiwa wa nani?"

"Mnyamwezi mwenzako kafa huko mbele, miaka ijayo. Lipa, au siondoki hapa kaburini."

Akatazama rundo, akatazama jua. Mtani hanyimwi, naye alilijua hilo kuliko sisi sote.

"Unataka nini?"

"Hadithi ya kesho."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka. "Haya, chukua. Ondoka kaburini, mtu azikwe."

"Azikwe nani? Huyu binti kesho anamfufua!"

Mwenyekiti akakaa, akavuta kijiti, akatunga nasi yaliyobaki. Mimi nilishindwa kukaa. Nikawa nazunguka bani, nazunguka tena, nawaza mtu aliyenyang'anywa sauti atatokaje ndani ya mtambo.