Bibi Alipokaa Mahali pa Ua

Juzi, kwenye duka moja hapa Maskati, nilinusa mkeka wa majani makavu, nikaikumbuka ile nyumba kongwe ya mbao tuliyopanga Japani nilipokuwa mdogo. Ilikuwa imetengenezwa upya, lakini mbao bado zililia kila ukikanyaga. Viti hamna, chini mikeka ya majani tu. Ukutani palikuwa na kijukwaa, juu yake chombo chenye ua moja. Bibi akaona ndiyo baraza ya wageni, akakaa.

"Mama, shuka, mwenye nyumba anakuja," Baba alinong'ona.

"Na aje. Mie magoti ya kukaa chini sina. Mkubwa akae wapi, mlangoni?"

Mwenye nyumba, mwanamke wa makamo, akaingia, akaduwaa. Nilidhani tutafukuzwa tukalale nje. Sasa nnajua pale ni pa ua tu, hapakaliwi na mtu. Na bado nasema Bibi hakukosea. Nyumba gani inaheshimu ua kuliko mgeni mzee?

Yule mwanamke alimtazama Bibi, kisha akachukua kile chombo cha ua, akatoka nacho.

Bibi akapigapiga ubao kando yake. "Njoo ukae, mjukuu wangu."

Baba alinikunjia uso. Nikapanda.