Waya mmoja, TV tatu: tulivyompoteza mama mdogo mara ya pili

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Juzi nimepita kwenye uzi wa jamaa anayeuliza namna ya kutumia king'amuzi kimoja kwenye TV tatu, nyumba ikiwa na bomba moja tu la waya ukutani. Mmemjibu kiufundi, na mmemjibu vizuri.

Mimi nina jibu la upande mwingine. Sitii chumvi hata punje, na mpaka naandika hapa roho bado inaniuma.

Kwetu ni Handeni mjini, ila mimi kazi imenipeleka Korogwe. Kwenye nyumba ya marehemu mzee anaishi kaka yangu Mbwana, mke wake, na mama yetu.

Mama alianguka uani akavunjika nyonga. Tangu hapo ni mtu wa kitandani, chumba cha nyuma. Mwanamke aliyelima kijijini Kang'ata maisha yake yote, sasa kazi yake kuhesabu mabati.

Nikasema angalau apate TV.

Nikanunua king'amuzi cha dishi, kile chenye uwezo wa kurekodi, kikakaa sebuleni. Shida ikawa waya. Kuna bomba moja jembamba linalotoka sebuleni kwenda nyuma, na Mbwana hakutaka ukuta wa mzee uchimbwe. Fundi akapitisha waya mmoja humo. Picha inakwenda kwa mama, na kwa waya huohuo rimoti yake inarudisha amri sebuleni, kupitia kijicho kidogo kilichobandikwa chini ya TV yake.

Kwa wasioelewa: TV mbili, picha ileile. Mama akibadilisha chaneli, na sebuleni inabadilika.

Tukakubaliana mchana ni wa mama, jioni ni ya Mbwana na familia yake. Ikaenda vizuri kabisa.

Sasa siku moja kituo fulani kikarudia kipindi cha zamani cha wakulima, kilichopigwa picha kulekule Kang'ata. Mama akapiga ukelele, shemeji akakimbia akidhani kaanguka tena.

Kumbe kamuona mdogo wake, mama mdogo Mwanahawa, anapeta mahindi huku anamtania mpiga picha na kucheka.

Mama mdogo alishafariki. Hakuacha picha yoyote ya maana, achilia mbali ya kutembea na kusema. Shemeji, Mungu amlipe kwa hilo, akarudisha nyuma haraka na kurekodi.

Kuanzia hapo ikawa kila asubuhi, chai kwanza, halafu Mwanahawa. Nikimpigia mama simu ananiambia, "Leo nimesalimiana na mdogo wangu." Ananieleza upya alivyocheka, kana kwamba ni jambo la jana.

Wakuu, hela nimetumia kwa mambo mengi, lakini hakuna kilichowahi kunipa amani kama kile king'amuzi.

Halafu Mbwana akafungua kibanda umiza.

Akazungushia mabati pembeni ya nyumba, akapanga mabenchi, watu wakawa wanakuja kuangalia mpira. TV ya tatu ikahitaji picha. Akapitisha waya dirishani kwa mama, akaweka splita, kile kidude cha kugawa waya. Picha ikawa chenga tupu kote. Basi akaona dawa ni moja: akachomoa waya wa mama.

Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nauliza kwenye simu, "Mama, TV inaonekana?"

"Inaonekana, mwanangu."

"Na mama mdogo hajambo?"

"Hajambo."

Kuna siku nikapanda basi bila kumwambia mtu. Nafika, nje kelele za mpira. Naingia chumbani, TV ya mama imefunikwa kitambaa, juu yake wameweka dawa na kikombe.

Nikasema, "Shikamoo mama. Mbona TV imefunikwa?"

"Marahaba. Vumbi, baba."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza tena, taratibu. Akanishika mkono, akasema, "Usigombane na kaka yako. Sauti ya TV naisikia kupitia ukutani, inanitosha."

Nikatoka nje. Mbwana nikamkuta mlangoni mwa kibanda.

"Kaka, umemkatia mama waya?"

"Mama anasinzia mchana kutwa. TV ya nini?"

"Na ile rekodi ya mama mdogo?"

Hakuelewa naongelea nini. Mke wake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, ndiye aliyejibu. Akasema polepole, "Shemeji, nafasi ilijaa. Kaka yako alifuta zote ili arekodi mechi. Nilikuwa sokoni."

Nilipaza sauti, sikatai. Mbwana naye akapandisha. "Wewe unakuja na waya unaondoka! Anayemgeuza mama kitandani ni nani? Anayemfulia ni nani? Leo unanifundisha mimi kumpenda mama?"

Hilo ni kweli, wao ndio wanaomfulia. Na ukweli huo haurudishi kilichofutwa.

Mama alikuwa anasikia yote. Sauti zinapita ukutani.

King'amuzi nikakibeba mpaka Korogwe. Mafundi wakafungua, wakapima, wakatikisa vichwa. Mechi zimerekodiwa juu ya ile rekodi. Kituo nao nikawapigia, dada mmoja akanijibu kwa upole kwamba vipindi vya zamani vile hawana tena.

Mama nikamfungia king'amuzi chake kidogo cha antena, hakitegemei waya wa mtu. Anaangalia siku mojamoja. Nilitaka kumhamishia kwangu akakataa. Anasema akiondoka watu watasema Mbwana kamfukuza. Mimi na Mbwana tunasalimiana tu, basi.

Ushauri wangu kwa yule jamaa na wengine: kabla ya kugawa picha, jiulize nani atakuwa anashika splita wewe ukiwa haupo. Mgonjwa mpe cha kwake, hata kiwe kidogo. Na kitu cha thamani usikiache ndani ya king'amuzi. Siku ileile chukua simu, upige video ya kioo cha TV. Mimi nilikwenda pale mara nyingi na simu mfukoni, wazo hilo halikunijia.

Wiki iliyopita mama kaniuliza, "Hivi Mwanahawa alikuwa amejitanda khanga ya rangi gani?"

Nikasema, "Kijani, mama."

Akafikiri sana. "Hapana. Si kijani." Akageukia ukutani.

Karibuni mchangie. Ila kama kuna yeyote humu ana kipindi kile, hata kipande, au anajua fundi ambaye bado sijamfikia, naomba aseme. Matusi kwa kaka yangu msiandike, ndugu zangu. Mimi nayajua yote.