Mshipa Uliozidi Katika Bawa

Wewe umewahi kulishika bawa la mdudu, ukaliinua kwenye mwanga, ukajiuliza ile mistari yake inaelekea wapi?

Saa mbili asubuhi, mama mmoja wa miaka hamsini na minane amekwisha kujiuliza mara tatu. Anakaa, anainuka. Anafuta kioo cha hadubini kwa kipande cha flana, anakitia mfukoni, anakitoa tena. Chai yake, iliyofunikwa kwa kisahani, imepoa.

Chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za jumba la makumbusho. Kina dirisha moja na kabati la droo arobaini na nane. Humo wamelala wadudu waliogeuka mawe, wembamba, wenye mabawa manne kama lesi. Mara nyingi mwili umepotea, limebaki bawa na mishipa yake.

"Mishipa ndiyo ukoo wao," anasema. "Huyu mshipa wake unagawanyika karibu na shina, anaingia hapa. Huyu unagawanyika kule nchani, anakwenda droo ile. Ukikosea panda moja tu, umempeleka mtoto kwa watu wasio wake."

Wenzake wanamwita Mama Mishipa. Aliishia darasa la saba, akaingia jumba hili kama mfagiaji. Leo ana miaka kumi na tisa ya kuchora, na michoro elfu mbili na mia tatu.

"Nyumbani anahesabu hata mikunjo ya pazia," anasema binti yake, fundi cherehani, huku akicheka. "Namwambia, mama, wadudu wako wamekufa zamani, hawatakimbia, kula kwanza. Lakini wiki hii hata kunijibu hanijibu."

Sababu imo ndani ya kisanduku cha kadibodi kilicho mezani.

Miaka tisa iliyopita alichora bawa lenye mshipa mmoja zaidi ya jamaa zake wote. Kwa mshipa huo, mkuu wake wa kazi alitangaza aina mpya ya mdudu. Mchoro huo, alioagizwa kuurudia kwa wino mpya, ndio utakaokaa juu ya jalada la kitabu cha mkuu huyo, na kitabu kinakwenda kiwandani kuchapwa leo mchana.

Jumatatu ikaletwa nusu ya pili ya jiwe lile lile.

"Mshipa wa kweli unaacha alama pande zote mbili," anaeleza. "Huku umeinuka, kule umezama. Nimeutafuta siku nne. Kule ni laini kama shavu la mtoto."

Anachukua sindano ya kusafishia mawe, anailaza juu ya mstari. Inaingia sawasawa.

"Mkosaji ni huyu hapa. Mkono wangu uliteleza nikitoa vumbi. Halafu nikakaa nikachora mkwaruzo wangu mwenyewe, tena kwa madaha."

Saa nne mkuu anaingia, miwani kichwani, bahasha kwapani.

"Mama, ule mchoro umemaliza?"

"Nimemaliza. Lakini si wa kweli."

"Aa, mama, usinitanie leo."

"Kaa, mwanangu. Tazama."

Anatazama jiwe la kwanza, la pili, anarudi la kwanza. Bahasha inaanguka, haiokoti.

"Miaka tisa nawahubiria watu mshipa huu," anasema taratibu.

"Waambie kosa ni langu."

"Wewe ulikwaruza. Mimi jiwe sikulitazama kabisa. Nilitazama mchoro, nikaupenda."

Anapiga simu kiwandani, anawaomba wasubiri. Anarudia mara mbili ndipo wanamsikia. Mama Mishipa anavuta droo ya kumi na moja, anasogeza mawe, anamlaza yule mdudu kati ya ndugu zake. Kisha, kwa mara ya kwanza asubuhi hii, anakunywa chai yake, baridi vile vile.

"Ila mama," mkuu anasema, "umelishuku jambo hili tangu Jumatatu. Mbona hukuniambia?"

"Jumatatu uliniuliza nini?"

Mkuu anafikiri. "Kama umemaliza."

"Na Jumanne?"

Mkuu anainama, anaokota bahasha.

"Miaka yote hii, mwanangu, unaniuliza kama nimemaliza. Mimi nilitaka siku moja uniulize nimeona nini."